Mikanda ya Rangi ya Asali

Siku niliyomwona Eddah Kafedha kwa mara ya kwanza alikuja kwenye meza yangu na kisu kidogo, kidonge cha uzi mweusi, na kipande cha ngozi alichokikata kwenye ulimi wa buti kuukuu. Ilikuwa Chaani, pale kwenye kona malori yanapokata kwenda bandarini, mwaka ule watu walipoanza kuvua barakoa lakini bado wanazining'iniza kidevuni. Mimi natengeneza saa. Nina meza, sanduku la kioo, mwavuli na kiti cha mteja. Nabadilisha betri, nasafisha mashine, na nauza cheni za chuma za kuvalia saa. Cheni ikiwa kubwa natoa pingili mpaka imkae mtu.

"Habari za kazi, fundi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Naomba nionyeshe kile kijiti kinachoshika mkanda wa saa. Sikinunui, nataka kuona tu."

Nikampa kimoja. Ni kitu kidogo sana, urefu wake kama punje mbili za mchele, kina springi ndani. Ukikibinya ncha zake huingia, ukikiachia zinatoka zikajishika kwenye matundu ya saa. Eddah alikibinya, kikaruka, kikapotelea mchangani. Akapiga magoti kukitafuta. Nilikuwa na vingine kopo zima lakini sikumwambia. Alipapasa mpaka akakiona, akakipuliza, akanirudishia, ndipo alipoliona kopo.

"Kumbe unavyo tele!" akasema. "Umeniacha nilambe vumbi la Chaani lote hili? Jamani, huyu fundi saa zake zasema kuliko yeye."

Akacheka peke yake. Kisha akanieleza shida yake akiwa bado anapangusa magoti. Kiwanda alichokuwa akishona suruali kilikuwa kimefungwa wakati wa maradhi, na hakikufunguliwa tena. Baba yake, huko bara ya Kaloleni, alikuwa mtu wa kuwamba ngozi za ngoma, na yeye alijifunza kukata na kulainisha ngozi tangu msichana. Alikuwa amewaona wanaume wa bandarini wakijikuna mikono kwa sababu cheni za chuma zinawang'oa vinywele vya malaika. Alitaka kushona mikanda ya saa, ya ngozi, kwa mkono.

"Nitakuwa nakunyang'anya riziki nikikaa hapa kando yako?" akauliza.

Nilitaka kusema karibu. Badala yake nikauinua mwavuli nikausogeza, kivuli kikafika pale alipokuwa amesimama. Akaelewa. Kesho yake alikuja na ubao, mfuko wa vipande vya ngozi, na msharasi wa baba yake wa kutobolea, mpini wake umelainika kwa jasho la miaka.

Tulikaa hivyo zaidi ya miaka mitatu, mimi na chuma changu, yeye na ngozi yake.

Watu wengi hawajui wanataka nini mkononi. Mtu huja na saa iliyokatika akasema, fundi, nitie kitu hapa. Mimi sikuweza kumshauri mtu. Nilikuwa nikinyoosha kidevu kuelekea kwa Eddah, naye anasema, "Lete mkono." Aliushika mkono wa mteja kama muuguzi, akaugeuza, akapitisha kidole gumba pale kwenye mshipa. Alikuwa akisikiliza jasho. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, anasikiliza jasho.

Nakumbuka dereva mmoja wa trela, jitu la watu, aliyetaka mkanda mweusi mpana.

"Lete mkono. Ala! Huu ni mkono au ni mfereji? Baba, jasho lako litaimaliza ngozi yangu kabla ya miezi miwili, halafu ukaseme huko barabarani kuwa Mgiriama amekuibia. Nenda kwa fundi uchukue chuma."

"Lakini mimi nataka ngozi, mama."

"Wewe waitaka, yenyewe haikutaki. Haya, nenda kwa fundi."

Dereva akahamia kwenye kiti changu akicheka. Sijaona mfanyabiashara mwingine anayemfukuza mteja wake hivyo. Mwenye mkono mkavu, mwenye kazi ya ofisini, mama mwenye kifundo chembamba ambacho cheni inazunguka ovyo, hao walikuwa wake. Mvuvi, kuli, mwosha magari, aliwaleta kwangu. Aliwaambia chuma kinaoshwa kwa sabuni kikakauka, ngozi ikishalowa chumvi inanuka kama dagaa na haisameheki tena. Na kwa mtu mwenye ngozi inayowasha kwa chuma cha bei rahisi alimwambia vilevile, asiniogope mimi, asinunue cheni yangu.

Kwa sababu hiyo walimwamini. Akikuambia hii ni ya mbuzi, ni ya mbuzi. Akikuambia hii imetoka kwenye kochi la mtu aliyehama, basi ni ya kochi. Wateja Waislamu walimuuliza sana, maana mkanda mtu huenda nao msikitini, na jasho likitoka ngozi inashikana na mwili. Eddah ni Mkristo, wa kanisa la kupiga makofi kule juu, lakini swali hilo hakuliona kero. "Ni haki yako kuuliza," alikuwa akisema, "ni mkono wako na ni Mungu wako." Vipande asivyojua vimetoka kwa mnyama gani alivitenga, akavishonea vifuko vya funguo.

Kisha akaja na lile begi.

Lilikuwa begi la safari la zamani, kubwa, la kizungu, alilolichambua kwenye mitumba. Nje lilikuwa limepasuka lote. Lakini ndani lilikuwa limevikwa ngozi laini ya rangi ya asali, haina doa, inakunjika kama kitambaa. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye meza yangu.

"Shika hapa, fundi. Shika! Wajua hii ni nini? Hii ni ndama. Ndama wa kizungu, aliyenyweshwa maziwa mpaka akafa."

Nilishika. Ilikuwa laini kuliko ngozi yoyote aliyowahi kuleta. Alikata mikanda yake yote ya wiki zile kwenye begi lile, akaipaka mafuta ya nazi, akaisugua kwa chupa. Watu waliokuwa hawajawahi kuangalia upande wake walisimama. Mikanda ile ilikuwa mizuri, na mimi niliyekaa miaka ishirini na saa za watu mkononi sijaona mizuri zaidi.

Bi Mastura alikuja wakati huo. Ni mwalimu wa madrasa hapa Chaani, mtu mzima, mpole, na saa yake ndogo ya rangi ya dhahabu haimtoki, kwa kuwa ndiyo anayotazamia vipindi na nyakati za swala. Cheni yake ilikuwa imekatika mara ya tatu. Mkono wake ulikuwa umekonda kwa utu uzima, kila nikitoa pingili cheni inalegea tena.

"Shikamoo, bibi," Eddah akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi wako amenichosha na machuma yake."

"Lete mkono. Mkavu kama karatasi! Bibi, wewe ni wangu. Fundi, huyu nimekuibia."

Bi Mastura akachagua wa rangi ya asali. Akauliza kama ulivyo wajibu wake kuuliza, na Eddah akamjibu, ni ndama, bibi, nimemtoa kwenye begi la Wazungu. Hakusema uongo. Alikuwa akisema anachokiamini.

Wakanipa mimi saa na mkanda niviunganishe. Nikavaa kioo changu cha jicho, kile cha kukuza, kwa sababu matundu ya saa ile yalikuwa madogo. Nikaingiza kijiti cha kwanza. Nilipougeuza mkanda kuingiza cha pili, nikaiona ngozi yenyewe kupitia kioo. Vinyweleo vyake vilikuwa vitatu vitatu. Vitundu vitatu vimekaa pamoja kama mafiga, halafu nafasi, halafu vitatu tena, kila mahali. Mzee aliyenifundisha kazi, kule mjini, aliwahi kunionyesha ngozi ya namna hiyo kwenye mkanda wa saa ya baharia. Aliniambia, ukiona tatu tatu, hiyo ni ngozi ya nguruwe, usimpe Mwislamu.

Nilikaa nimeinama muda mrefu. Wao walikuwa wakizungumza juu ya kichwa changu. Bi Mastura alikuwa akisema atawaleta walimu wenzake, na kina mama wanaosoma jioni, kwa kuwa wote wanalalamikia cheni. Eddah alikuwa akisema, "Waje, bibi, waje, nitawashonea hata wa harusi." Sauti yake ilikuwa ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia hapo kabla. Nilijiambia, si hakika. Nilijiambia, mzee yule alishaniambia mengi, mengine hayakuwa kweli. Nilijiambia, nikitamka neno hilo mbele ya bibi huyu, mbele ya mteja aliyesimama nyuma yake, nitamvunja Eddah hapa hapa. Nitamwambia jioni, tukiwa wawili.

Nikaingiza kijiti cha pili. Nikampa Bi Mastura saa yake. Akaushukuru mkanda kwa kuupapasa.

Jioni ile sikusema. Eddah alikuwa akikunja ubao wake huku akiimba. Kesho yake sikusema, na keshokutwa yake walikuja walimu wawili wa madrasa nikawatilia mikanda mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Baada ya hapo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kusema pia kwa nini sikusema mwanzo. Siku moja nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya kadi ya betri: Dada Eddah, ile ngozi ya begi itazame vizuri. Nikaitia mfukoni nimpe. Ikafuliwa pamoja na suruali.

Nilikuwa na jambo jingine la kumwambia, la zamani, tangu mwaka wa kwanza, na hilo nalo lilikuwa limekaa kifuani vivyo hivyo. Nilishazoea kukaa kando yake na maneno yasiyotoka. Nadhani ndiyo maana sikuona tofauti kubwa.

Miezi minne ikapita.

Jacktone ni fundi wa viatu. Alitoka Nairobi, akaweka sanduku lake ng'ambo ya meza yetu, na kwa wiki ya kwanza alikuwa akituchekesha kwa Kiswahili chake. Hana ubaya wowote, hilo nalisema mbele. Asubuhi moja alikuja kuazima kisu kwa Eddah. Bi Mastura alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, ameniletea saa ibadilishwe betri, mkanda wake ukiwa juu ya meza. Jacktone akauokota.

"Wah! Mathe, hii kazi ni safi. Hii umetoa wapi?"

"Ni ndama huyo," Eddah akasema. "Weka chini, mikono yako ina gundi."

"Ndama gani? Hii ni nguruwe, mama." Akacheka. "Nimeshona hii kitu miaka sita Kariobangi, nitaikosa? Cheki hizi mashimo, tatu, tatu, tatu. Nguruwe kabisa. Hata ni ghali kuliko ng'ombe, wewe unauzia watu bei ya kutupa!"

Alidhani anamsifu. Alitazama nyuso zetu akingojea tucheke.

Eddah akauchukua mkanda. Akaukaribisha machoni, akaupeleka kwenye mwanga, akaukunja ili vitundu vifunguke. Ukishaambiwa, vinaonekana hata bila kioo. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Bi Mastura hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kisha akauachia haraka, akabaki na mikono yote miwili imeinuliwa mbele yake, hajui aiweke wapi.

"Wallahi, mwanangu," akasema polepole, "miezi minne nimeswali nao. Nimeshika msahafu nao."

"Bibi, sikujua. Kwa jina la Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Sikushitaki. Nitafutie udongo, mwanangu. Udongo safi."

Eddah akakimbia. Alichimba kwa msharasi wake, kwenye shamba dogo la mtu nyuma ya maduka, akarudi na udongo kwenye kanga. Akachukua dumu la maji yake ya kunywa. Bi Mastura akaanza kuuosha mkono pale pale kandoni mwa barabara, kama dini yake inavyotaka, mara saba, na moja kwa udongo. Eddah alikuwa akimmiminia. Kila mara alihesabu kwa sauti, na sauti ikawa inapungua, mpaka ile ya saba niliiona tu mdomoni mwake. Malori yalikuwa yakipita. Watu walikuwa wamesimama. Jacktone alikuwa akiniuliza kwa kunong'ona, "Buda, nimesema nini mbaya?"

Bi Mastura alipomaliza alijifuta kwa leso, akamwambia Eddah, "Nitamuuliza sheikh kuhusu swala zangu. Wewe nenda ukawaambie wengine. Usingoje wasikie." Akaondoka bila saa. Ilibaki mezani kwangu, haina mkanda, mpaka alipomtuma mtu kuichukua na kuagiza itiwe cheni.

Eddah alikwenda. Hakuwa ameandika jina la mtu yeyote, lakini mikono aliikumbuka, akanitajia mmoja mmoja: Yule mwenye kovu la kuungua, yuko karibu na bohari la saruji. Yule mwenye mkono mwembamba kama wangu, alisema ana duka Mtopanga. Akafunga ubao, akatembea siku tisa. Kila mlango alisimama nje akasema mwenyewe: mkanda niliokuuzia ni wa nguruwe, nilikosea, nimekuja kuuchukua na kukuomba radhi. Wengine walimpokea vizuri, wakampa na maji. Mwenye duka wa Mtopanga alimrushia mkanda usoni. Mwanamke mmoja alimwambia, nyinyi mnaokula kitimoto mlifanya makusudi, na Eddah hajawahi kula nyama hiyo maishani, nyumba yao kule Kaloleni ilikuwa na mashangazi walioolewa na Waislamu na baba yake hakuruhusu iingie.

Wawili hakuwapata. Mmoja alikuwa baharia, meli yake imeondoka. Wa pili, mzee aliyestaafu kazi ya kupakua shehena, alikuwa amekwenda Umra. Mkewe alisema ameondoka na saa yake mkononi, na mkanda wake mpya ambao aliwaonyesha majirani.

Eddah alirudi kwenye kona siku ile akakaa chini, si kwenye kigoda chake.

"Amekwenda nao Makka, fundi," akaniambia. "Mzee wa watu ameweka akiba maisha yake yote. Akirudi nitamwambia nini?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kusema. Kama kuna siku moja niliyopewa, ilikuwa ile. Nilifungua mdomo. Akaja mteja wa cheni.

Kwa maana sasa wote walikuwa wa cheni. Hilo sina budi kulisema. Hakuna mtu, Mwislamu wala Mkristo, aliyenyoosha mkono kwa Eddah tena. Wenye mikono mikavu, kina mama wenye vifundo vyembamba, wote walikaa kwenye kiti changu wakasema, fundi, mimi nipe chuma, chuma hakina mnyama. Nilikuwa nikitoa pingili kutwa nzima. Pingili zilijaa kikombe. Eddah alikaa hatua mbili kutoka kwangu, ubao wake umepangwa vizuri, anasikia kila neno.

Alijaribu. Alinunua ngozi za mbuzi machinjioni, akazilainisha mwenyewe kama baba yake, akashona mikanda akaacha manyoya upande wa chini ili mtu aone kwa macho yake kuwa ni mbuzi. Hakuna mnyama mwingine mwenye manyoya yale. Watu walicheka. Vijana wa kubeba mizigo walipita wakilia kama mbuzi, kisha mmoja akakoroma kama nguruwe, na kuanzia hapo jina likamganda: Mama Nguruwe. Walilitamka bila hasira. Walilitamka kama wanavyotaja duka au kituo. "Fundi wa saa? Yuko pale kwa Mama Nguruwe."

Jacktone alimpiga mmoja wao kofi. Haikusaidia.

Mtu mmoja tu alinunua mkanda wa manyoya, Mkamba mlinzi wa ghala, kwa huruma. Aliurudisha baada ya siku mbili. Ulikuwa unamwasha.

Miezi miwili ilipopita Eddah aliacha kusema "Lete mkono." Alikuwa akikaa tu. Wakati mwingine mteja wangu alikuwa na jasho dogo, mkono mkavu, na nilimwona Eddah akiutazama ule mkono, anajua kabisa kilichoufaa, na cheni yangu ikiuzunguka ovyo. Nami nikaiuza.

Bi Mastura alipita mara moja kumjulia hali. Alimwambia sheikh amesema asiyejua hana lawama, atubu na aendelee. Alimshika bega. Eddah alishukuru. Lakini Bi Mastura alipoondoka, nilimwona Eddah akimfuata kwa macho mpaka alipopotea, akitazama mkono wake wa kushoto, ambao haukuwa na saa yoyote. Cheni niliyomtia ilikuwa imekatika tena, na bibi alikuwa amechoka, akaacha kuvaa.

Mwishoni mwa Novemba Eddah alikuja bila ubao. Alikuwa na mzigo mmoja umefungwa kwa kanga na mfuko wa nailoni. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa na mtu mwingine tayari. Anarudi kwao, akasema, kwa kaka yake. Kule mvua ilikuwa haijanyesha, na yeye na mke wa kaka yake walikuwa hawaongei tangu msiba wa baba. Aliyasema haya kama mtu anayesoma tangazo.

Msharasi alikuwa amemwachia Jacktone. Jacktone alikuwa akiugeuzageuza mkononi, macho mekundu, anajaribu kufanya mzaha kama kawaida yake.

"Mathe, ni mimi nilikuharibia. Mdomo yangu hii. Ningenyamaza tu."

"Ungenyamaza wangeendelea kuvaa," Eddah akamjibu. "Wewe ulisema ulichokiona. Huna kosa. Mimi ndiye niliyekosea, sikuona."

"Lakini hiyo kitu ni ndogo, mama. Lazima uwe umefundishwa. Ama uwe na kioo kama ya huyu fundi. Huyu na hiyo kioo yake ya jicho, hata yeye..."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitafuta la kumfariji, neno likamtangulia.

Eddah akageuka taratibu akanitazama. Kioo kilikuwa pale pale jichoni, nilikuwa na saa ya mtu wazi mbele yangu. Nikakivua. Nilihisi alama yake ya duara imebaki kuzunguka jicho langu.

"Ni wewe uliyeutia mkanda wa Bi Mastura," akasema. "Na wale walimu. Na yule mzee. Yote umeitia wewe."

Nikainamisha kichwa.

"Fundi. Uliona?"

Jacktone alisogea, akaenda kwenye sanduku lake, akatupa mgongo. Nilijaribu kulitafuta neno, na lilikuwapo, lilikuwa fupi tu, herufi tano. Nikatikisa kichwa, juu na chini.

"Lini? Siku ile ya kwanza?"

Nikatikisa tena.

Nilingoja anitukane. Nilingoja anikumbushe kuwa cheni zangu zimeuzwa miezi hii kuliko miaka yote, na kama angesema nilifanya makusudi nisingekuwa na la kujitetea, maana hata mimi usiku huwa najiuliza. Hakusema hivyo. Alikaza fundo la kanga yake. Akaliinua lile fuko la nailoni, akaliweka chini, akaliinua tena. Alikuwa akitafakari kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kitu, anarudi nyuma hatua kwa hatua, siku hadi siku, mpaka pale mezani, yeye akizungumza na bibi juu ya kichwa changu na mimi nimeinama.

Kisha akaniambia, bila hasira, karibu kwa upole:

"Ungenionyesha hata kwa kidole."